Jinsi ya kumwachia sungura azurure kwenye nyumba yenye paka bila kuleta msiba

Kabla ya yote tuelewane, zile picha za sungura kalala kamwegemea paka zinaponza watu, mtu anaziona leo, kesho ananunua kasungura anakaachia sebuleni mbele ya paka wake halafu anashangaa. Inawezekana kabisa sungura akazurura nyumba nzima na paka wakiwepo, kwangu anazurura, ila hii kitu inategemea sana nyumba umeipangaje. Paka atabaki kuwa paka. Mpe sehemu zake za kukaa juu, chini mwachie sungura njia za kukimbilia, afu wewe ndo uamue nani anakutana na nani na saa ngapi, hapo mambo yanaenda. Ukitegemea huruma ya paka umeumia.

Nawaandikia hasa watu wa nyumba za kawaida, hizi za kupanga za huku Dar, chini tailizi, madirisha ya nondo, mlango wa mbele unashinda wazi maana joto haliruhusu kufunga, na paka anatoka na kuingia akijisikia. Kama unaishi ghorofani na paka wako hajawahi kukanyaga nje basi kazi yako ni nusu ya yetu. Kwangu wako watatu, Pamba ni sungura dume mweupe wa New Zealand, aina ambayo ikikomaa inafika kilo nne mpaka tano, na paka ni wawili, Meneja ambaye umri umeenda na kazi yake ni kulala juu ya friji, na Shombe, jike bado binti, huyo damu inachemka. Majirani mpaka leo wanaulizia kile kitoweo kinachinjwa lini.

Hatua ya 1: mchunguze paka kabla hujanunua sungura

Jiulize hivi, vifaranga vya jirani vikipita mlangoni paka wako anafanyaje? Kama anavitazama, anapiga miayo, analala zake, una pa kuanzia. Kama anajibanza, tumbo linagusa chini, makalio yanatikisika na ncha ya mkia inacheza, au ndo umeshawahi kulipa vifaranga vya watu, huyo ni mwindaji aliyefuzu na kwa macho yake sungura ni kifaranga kikubwa zaidi tu. Sisemi haiwezekani ila jiandae kuwa mtu wa milango miwili maisha yote, sungura akitoka paka anaingia chumbani na mlango unafungwa. Na hiyo ni njia halali kabisa wala usione umeshindwa, sungura anayepata masaa matatu manne kila siku ya kuzurura kwa amani anaishi vizuri kuliko yule aliyeachiwa kutwa nzima akiwa roho juu.

Rahisi kuliko zote ni paka mdogo kukutana na sungura mkubwa, kapaka ka miezi miwili mitatu kakila teke moja la mguu wa nyuma kanajifunza heshima ya kudumu. Kinyume chake ndo balaa. Kuna watu wanauza vitoto vya sungura vya wiki nne tano, hata kunyonya havijamaliza vizuri, wakati vilitakiwa vikae na mama mpaka kama wiki nane, sasa ukikaleta nyumbani katoto ka saizi ya ngumi mbele ya paka mzima usilalamike. Mimi sheria yangu ni kwamba sungura ambaye hajafikia walau nusu ya uzito wa paka hakai naye chumba kimoja kabisa hata kama umeshikilia paka mkononi. Subiri tu, sungura wa aina kubwa akifika miezi mitano sita anakaribia kulingana na paka wa kawaida wa mtaani au anampita, na hapo hata paka mwenyewe anajifikiria mara mbili.

Hatua ya 2: sungura awe na kwake

Kuzurura sio kwamba hana makao. Anahitaji kizimba ambacho ni kwake na paka haingii hata kichwa, kitu kigeni chochote kikimtisha anakimbilia huko na anajua huko hakuna wa kumfuata. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee cha weldimeshi ya matundu madogo, nusu inchi kwa inchi moja inafaa, achana na waya wa kuku maana sungura anautafuna na paka anapenyeza mkono na kucha zake. Ukubwa kadiri uwezavyo, walau aweze kuruka hatua tatu mfululizo na kusimama wima masikio yasiguse juu. Chini kuwe pagumu, weka ubao na mkeka, usimweke juu ya waya kama wanavyofugwa wa nyama, nyayo zinatoka vidonda.

Kuna kitu watu wengi hawakifikirii hapa, nacho ni dari ya kizimba. Paka anapenda kulala juu ya kitu, na juu ya kizimba ni pazuri, kuna hewa na kuna sinema bure chini yake. Sasa fikiria wewe ndo sungura, unainua macho unaona tumbo la mnyama anayeweza kukula limening'inia juu ya kichwa chako kutwa. Funika juu kwa plaiwudi kabisa, halafu panga vitu juu yake ili paka akose pa kujilaza.

Akifika mwache humo ndani wiki moja hivi, mbili kama ni mwoga, kwenye chumba ambacho paka hawaingii kabisa. Usiwe na haraka. Unachosubiri ni kumwona anakula wewe ukiwepo, na siku moja utamkuta anajitupa ubavu ghafla puu, unaweza kudhani kafa, ndo amestarehe hivyo. Kabla ya hiyo siku usimwonyeshe paka yeyote.

Hatua ya 3: panga nyumba, juu kwa paka, chini kwa sungura

Paka akiwa na sehemu ya juu anaangalia mambo kwa mbali na hana sababu ya kushuka kugombana, kwaiyo toa vitu juu ya kabati, weka kitambaa juu ya friji, dirishani weka ubao. Chini ni mali ya sungura. Tafuta maboksi makubwa, ya televisheni, ya katoni za maji, toboa matundu MAWILI kila boksi, moja huku lingine kule. Hili la matundu mawili nalisisitiza maana sungura na paka wanalingana ukubwa, tundu analoingia sungura na paka anaingia, kwaiyo boksi lenye mlango mmoja ni mtego, anakimbilia humo anabanwa kwenye kona na hapo ndo watu wanaumizana. Likiwa na milango miwili paka akiingia huku mwenzie katokea kule. Yasambaze kiasi kwamba popote alipo sungura akiruka mara tatu nne awe amefika kwenye boksi.

Sasa waya. Meno ya sungura yanaota maisha yake yote, lazima atafune, na waya wa chaja kwake ni mzizi uliokaa vibaya kwenye njia yake, anaukata mara moja anaendelea na safari. Umeme wetu ni volti 230, sio wa kuchezea. Nunua lile bomba la plastiki la mafundi umeme, lipasue kwa urefu kwa wembe wa kukatia, halafu ingiza waya wa tivii, wa friji, wa ruta, vyote. Eksitensheni inyanyue ukutani. Chaja ukimaliza chomoa uweke juu, hakuna njia nyingine, na hii waambie na watoto na dada na wageni, kila mtu. Miguu ya meza na kona za milango ya mwenye nyumba nazo atazijaribu tu, mpe vijiti vya mpera au mwembe na nyasi za kutosha atapunguza lakini usitegemee aache kabisa, na kochi angalia upande wa chini, anapenda kuchana kile kitambaa anaingia ndani na kumtoa humo ni shughuli.

Tailizi zinateleza. Sungura nyayo zake hazina nyama ngumu kama za paka, ni manyoya matupu, kwaiyo kwenye sakafu tupu anakuwa mtu wa barafu, na sungura anayeteleza hawezi kukwepa. Tandika mikeka na vipande vya zulia uunganishe njia kutoka kizimbani mpaka kwenye maboksi. Mkeka wa ukindu atautafuna na haumdhuru, ila chagua usiotiwa rangi.

Mimea na sumu pitia haraka: mani planti na ndugu zake wenye majani mapana ya mabaka vinawaunguza mdomo paka na sungura wote, maua ya lili yanaua paka hata akilamba ule unga wake tu, majani ya parachichi na tunda lenyewe ni sumu kwa sungura, na majani ya nyanya, ya viazi mviringo na kisamvu kibichi pia asipewe. Sumu ya panya ndani ya hii nyumba haina nafasi tena, sungura atakula chambo na paka atakula panya aliyekula chambo.

Hatua ya 4: ahasiwe

Dume ambaye hajahasiwa akianza kubalehe kama miezi minne hivi anarusha mkojo ukutani na anazunguka miguuni kwako, mwisho anampanda paka. Natania sitanii. Paka hapendi na atamjibu kwa kucha. Kuhasi dume ni oparesheni ndogo kwa daktari anayejua sungura, anapoa ndani ya wiki kadhaa, ila kumbuka bado anaweza kuzalisha kwa kama mwezi mmoja na nusu baada ya hapo, na sungura jike anabeba mimba siku 31 tu kwaiyo usije ukalaumu mtu. Jike naye afungwe kizazi, wasiofungwa wengi wakizeeka wanapata saratani ya mji wa mimba, na hasira zao za homoni zinafanya waanzishe ugomvi na paka. Paka wenyewe nao wahasiwe, paka aliyehasiwa anatulia na hazururi sana kuleta magonjwa, na chanjo ya kichaa cha mbwa wapate kila mwaka.

Hatua ya 5: wajuane kwa pua kwanza

Chukua kitambaa msugue sungura mashavuni na chini ya kidevu, kiweke chini ya sahani ya paka. Fanya hivyohivyo kwa paka, kitambaa kiweke karibu na nyasi za sungura. Siku za mwanzo sungura anaweza kupiga mguu chini, du, hiyo ni kengele ya hatari, we endelea tu kila siku mpaka kitambaa kisiwe habari tena. Kisha badilishana vyumba, sungura azurure sebuleni paka wakiwa chumbani, paka wapite karibu na kizimba kitupu wanuse. Hatua hii inaboa na ndo watu wanairuka, halafu wanarudi kuuliza mbona paka wangu hatulii.

Hatua ya 6: wavu katikati

Sasa kizimba kihamie sebuleni, sungura ndani, mlango umefungwa, paka nje. Chagua saa vizuri. Sungura na paka wote wanachangamka alfajiri na jioni kiza kikianza kuingia, hizo saa ziepuke kabisa, fanya saa nne asubuhi au baada ya chakula cha mchana ambapo kila mtu anasinzia. Kabla ya hapo chezesha paka na kamba mpaka achoke, halafu mlishe, paka aliyeshiba na kuchoka ni mwanafunzi mzuri.

Kaa chini na dagaa wachache uliowaosha chumvi. Paka akimwangalia sungura halafu akageuza macho, dagaa. Akilala chini mikono kaikunja kifuani, dagaa. Akikaza macho bila kupepesa, mboni zimepanuka zimejaa jicho zima, masikio yameelekea mbele na ile ncha ya mkia inapiga piga, msogeze mbali bila kelele, mita mbili tatu, uanze upya. Usimpige wala kummwagia maji, atajifunza kwamba sungura akiwepo mabaya yanakuja na hapo umetengeneza adui.

Upande wa pili mwangalie sungura kwa makini hivyohivyo, na huyu ni mgumu kumsoma maana hana sauti. Pamba siku Shombe alipokuja kunusa wavu kwa mara ya kwanza alikuwa ana jani la matembele linaning'inia mdomoni, taya likasimama. Hakukimbia, hakupiga mguu. Alijibana chini, masikio yamelala mgongoni, macho yametokeza mpaka weupe unaonekana pembeni, lile jani limebaki hivyohivyo nusu ndani nusu nje. Mtu asiyejua angesema ona alivyotulia. Ile ni hofu, sungura akiogopa sana anaganda, na hofu kwa sungura sio suala la moyo tu, inasimamisha tumbo. Nikamtoa Shombe nje, na baada ya muda taya likaanza kwenda tena na jani likaingia lote. Kwaiyo kipimo changu ni taya. Anatafuna, tunaendelea. Ameacha kutafuna, paka anaondoka.

Hii hatua inaweza kuchukua wiki mbili, inaweza kuchukua miezi. Unamaliza siku ambayo paka anapita mbele ya wavu kwenda kunywa maji na hageuki, na sungura haachi kula.

Hatua ya 7: wote sakafuni

Kata kucha za paka ncha zile kali tu siku moja kabla. Kama paka anakubali kuvaa mkanda wa kifuani mvalishe uwe na kamba mkononi. Sungura afunguliwe mlango atoke mwenyewe, usimbebe kumpeleka kwa paka hata siku moja, akiruka kutoka mikononi au akipiga teke hewani anaweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe, na kumshika masikio ndo usithubutu. Kaa nao sakafuni dakika tano mpaka kumi, wafunge wakiwa bado watulivu, usisubiri mpaka pachafuke. Kando yako uwe na kipande kikubwa cha boksi au mto, mambo yakianza kuchacha unateleza hicho katikati yao, usiingize mkono, utararuliwa wewe.

Halafu kuna mtihani ambao hauonekani mpaka ufike. Sungura akianza kujisikia yuko kwao, jioni anapata wazimu wa furaha, anakimbia kwa kasi anaruka juu anajinyonga hewani kichwa huku makalio kule, anatua anakimbia tena. Ni raha kuangalia. Ila paka aliyemzoea sungura aliyekaa anakula hajamzoea bado sungura anayekimbia, kwa paka kitu kinachokimbia kinaamsha ile kitu ya ndani, hata Meneja mzee wangu aliinua kichwa kule juu ya friji. Kwaiyo usiseme wamezoeana kwa sababu wamekaa wiki nzima wanapishana kwa amani mchana. Zile mbio lazima zitokee wewe ukiwepo, kamba ikiwa mkononi, mara nyingi, mpaka paka aone ni mambo yake yule, ana wazimu, tumwache. Shombe hapo ndo alichukua mda mrefu kuliko sehemu zote, na bado jioni zile saa za mbio mi huwa nipo sebuleni au Shombe yuko chumbani, basi.

Wengine watakutana na kinyume, sungura ndo anamfukuza paka. Inachekesha mara ya kwanza lakini usiiache iendelee, paka aliyebanwa kwenye kona naye atajitetea, na kwato, sorry, kucha za nyuma za sungura zinaweza kumtoboa paka jicho. Ongeza sehemu za juu, punguza mda wa pamoja.

Wakishazoeana unaweza kuwa jikoni wao wako sebuleni, unasikia. Ukitoka nyumbani au ukienda kulala, sungura anaingia kizimbani na mlango unafungwa, hata wawe wameishi pamoja miaka. Watu watakwambia wa kwao wanalala pamoja, sawa, heri yao.

Hatua ya 8: vyakula na vyoo visichanganyike

Chakula cha paka kiweke juu, sungura akikipata atakila na kina protini na mafuta mengi mno kwa tumbo lake. Yeye kwa sehemu kubwa sana ni nyasi, kavu na mbichi, unaweza kununua robota la nyasi kavu au kuvuna na kukausha mwenyewe, zipatikane saa 24, halafu majani kidogo kama matembele, majani ya karoti, majani ya mgomba, peleti kijiko kidogo, matunda kwa kuonjeshwa tu. Ugali, mkate, wali hapana. Kabichi inajaza gesi na sungura hawezi kutapika wala kubeua kilichomkaa vibaya.

Choo sasa. Sungura anafundishika vizuri, weka beseni pana kwenye kona anayoipenda mwenyewe, chini magazeti, juu nyasi kavu, atakaa anakula huku anajisaidia, ndo tabia yao. Tatizo ni kwamba paka akiona beseni lenye nyasi laini anaona na yeye kawekewa. Kinyesi cha paka kwenye nyasi za sungura hakitakiwi kabisa, kinaweza kubeba vimelea vya toksoplasma na minyoo, na kama nyumbani kuna mjamzito ndo zaidi. Dawa yake ni kumpa paka choo kinachomvutia kuliko hicho, mchanga laini, msafi, mahali pa siri, na viwe vingi, idadi ya paka ongeza kimoja, mimi wawili nina vitatu. Nyasi za kula zining'inize kwenye wavu juu ya beseni badala ya kuzilundika zote chini. Ule mchanga wa dukani wa paka unaoganda ukilowa usimwekee sungura, akiumeza unagandia tumboni. Maranda ya mbao za paina yanayonukia sana nayo acha.

Ukiona mkojo wa rangi ya chungwa au kama chai ya rangi usikimbie hospitali, mara nyingi ni rangi ya majani aliyokula. Na akijiinamia chini ya tumbo anakula vile vinyesi laini vyenye kung'aa mwache, ni mzunguko wa pili wa chakula chake. Zile goroli kavu peleka kwenye mchicha, mbolea safi.

Hatua ya 9: dawa za viroboto, soma hapa mara mbili

Paka wanaotoka nje wataleta viroboto, upele na hata mapunye, na vyote vinahamia kwa sungura, mapunye yanahamia mpaka kwa watoto wako. Lazima utibu, ila dawa nyingi za matone za kuweka shingoni kwa paka zina fipronili, na fipronili inaua sungura. Hata kama umempaka paka tu, wakiwa wanalambana au wanalala pamoja sungura anaipata. Na zile za mbwa zenye pemethrini zinaua paka. Kwaiyo ukienda duka la dawa za mifugo usiseme nipe dawa ya viroboto, sema nyumbani nina paka na sungura pamoja, soma kilichoandikwa kwenye boksi, na vizuri zaidi daktari akupe ya selamektini kwa kipimo cha kila mmoja. Ukipaka chochote watenganishe siku mbili tatu.

Hatua ya 10: joto, na paka wasio wa kwako

Sungura hatoki jasho, joto anapunguzia masikioni, na likipita kama nyuzi 28 anaanza kuteseka, Dar kuanzia Desemba mpaka Machi tunazidi hapo karibu kila mchana. Akizurura muda huo atatafuta tailizi tupu ajilaze, mwachie sehemu moja isiyo na mkeka, mgandishie chupa ya maji uifunge kwa kitambaa uiweke karibu yake, masikio yapanguse kwa maji ya baridi ya kawaida. Umeme ukikatika feni imezima, ndo mda wa kumwangalia. Kupumua kwa mdomo wazi ni dharura.

La mwisho hapa ni dirisha. Wewe umefundisha paka wako wawili, sawa, na mapaka ya mtaa je? Nondo paka anapita bila kuinama, wavu wa mbu anauchana kwa kucha mbili, na harufu ya sungura inamwita. Weka weldimeshi kwenye madirisha ya chumba anachozurura na mlango wa mbele uwe na geti la wavu hata la mbao nyepesi. Ukimtoa barazani kukaa naye usiingie ndani hata kuchukua simu.

Ikitokea ameumizwa

Mkwaruzo mdogo wa paka kwa sungura sio mdogo. Mdomo na kucha za paka zina bakteria aina ya pasterela, kidonda kinafunga juu huku usaha mzito unajijenga chini. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa yenye chumvi kidogo, mfunike kwenye boksi sehemu ya giza na kimya, na aonwe na daktari siku hiyohiyo hata kama anaonekana mzima. Hata asipokuwa na jeraha lolote, fuatilia kama anakula na anatoa goroli, zikipita saa 12 hajala au hajatoa kitu, hiyo ni dharura kamili, tumbo limesimama.

Na usimpe amoksilini. Najua ipo kabatini kila nyumba, najua kuku wa shangazi alipona, lakini amoksilini, ampisilini na klindamaisini zikipita mdomoni kwa sungura zinaua wadudu wazuri wa tumboni na sungura anakufa kwa dawa badala ya kidonda, hata zikitoka kwa mtaalamu muulize mara ya pili. Enrofloksasini ndo madaktari wengi wanaitumia kwao. Paka naye akiumia usimpe panadol, hata nusu kidonge kinamuua. Madaktari wetu wengi wamezoea ng'ombe, mbuzi na mbwa, kwaiyo tafuta mapema, kabla hujawakutanisha, anayejua sungura na namba yake uihifadhi, walio karibu na Morogoro wana hospitali ya wanyama pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na ukipiga simu uliza wazi wazi kama ameshawahi kumtibu sungura na dawa gani anazitumia kwa kidonda cha paka, akikujibu amoksilini ya kunywa shukuru, kata simu, tafuta mwingine.